"The committee has" au "the committee have"? Kitenzi kinachofuata jina la kundi katika Kiingereza

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi katika asasi inayochimba visima vya maji mkoani Morogoro, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika mihtasari ya vikao na taarifa za wafadhili kwa Kiingereza. Sekondari nilifundishwa kwamba jina la kundi, kama vile 'committee' au 'team', ni kitu kimoja, kwa hiyo kitenzi chake kiwe cha umoja siku zote. Hivi karibuni niliandika 'The police is investigating the theft of our pump'. Mkurugenzi wangu, ambaye alisoma Uingereza, akakata 'is' akaandika 'are'. Katika taarifa hiyohiyo yeye mwenyewe aliandika 'The committee have not agreed on the site', na mfadhili wetu wa Marekani akairudisha ikiwa imebadilishwa kuwa 'has'. Jioni nikifungua BBC nasikia 'England are leading'. Sijui nimfuate nani. Je, kuna kanuni, au kila mtu anaandika apendavyo? Na je, 'a number of villagers was present' ni sahihi? Naogopa kwamba nikikosea, asasi yetu itaonekana haina wasomi."

Marahaba. Unachouliza, nikikikusanya, ni hiki: watu watatu unaowaheshimu, yaani mwalimu wako wa sekondari, mkurugenzi wako na mfadhili wenu, wamekupa majibu yanayopingana kuhusu kitenzi kinachofuata jina la kundi, na unahofia kwamba ukichagua vibaya, kosa litabebeshwa asasi nzima. Wasiwasi huo ninaukuta kwa wengi wanaoandika Kiingereza kazini, walimu na wanasheria wakiwamo, kwa hiyo usidhani kwamba umebaki nyuma peke yako. Kati ya sentensi ulizonukuu, mbili tu ndizo makosa mbele ya Mwingereza na mbele ya Mmarekani vilevile: ile ya polisi yenye "is", na ile ya wanakijiji yenye "was". "The committee have" na "England are" ni sentensi sahihi kabisa huko zinakotoka, na "the committee has" ni sahihi kila mahali. Mkurugenzi wako hakukosea, na mfadhili naye ana haki ya kutaka taarifa anayoisoma iandikwe kwa kawaida ya kwao.

Mwalimu wako wa sekondari alikupa nusu ya ukweli. Kanuni ya kwamba jina la kundi ni umoja siku zote inafundishika upesi na inasahihishika upesi katika darasa lenye wanafunzi wengi, na kwa maneno mengi inafanya kazi. Ubaya wake ni kwamba inayaweka katika kapu moja maneno ambayo Kiingereza chenyewe huyatenganisha, ndiyo maana ilikuangusha ulipofika kwa polisi. Dhana ya pili, inayopendwa na watu waliokwisha kusafiri, ni kwamba Waingereza hutumia wingi na Wamarekani hutumia umoja. Hiyo nayo ni nusu ya ukweli, kwa sababu Waingereza hutumia umoja mara nyingi sana, hasa katika maandishi rasmi, na Wamarekani nao wana mahali ambapo hawawezi kuukwepa wingi. Ama dhana ya kwamba kila mtu anaandika apendavyo, hiyo si kweli hata kidogo, nami nitatumia sehemu kubwa ya jibu hili kukuonyesha kwa nini.

Linganisha kwanza jinsi lugha hizi mbili zinavyofunga kitenzi kwenye kiima. Katika Kiswahili alama ya ngeli hupita karibu kwenye kila neno. "Kikosi chetu kipya kimefika" ina alama hiyo kuanzia kwenye nomino, ikapita kwenye kimilikishi na kivumishi, ikafika mpaka kwenye kitenzi, hivyo msikilizaji hana nafasi ya kusahau kwamba kiima ni kikosi. Sentensi hiyohiyo kwa Kiingereza ni "Our new squad has arrived", na humo "our" na "new" hazisemi lolote kuhusu umoja wala wingi. Ni "has" peke yake iliyobeba kazi hiyo. Ukiipeleka wakati uliopita ukaandika "Our new squad arrived", hata alama hiyo moja inatoweka. Kiingereza cha leo huonyesha idadi kwenye kitenzi mahali pachache tu, yaani ile "s" ya mwisho katika wakati uliopo, pamoja na "is" na "are", "was" na "were", "has" na "have". Visaidizi kama "will", "can", "must" na "shall" havibadiliki kamwe. Kwa kuwa umbo la nomino lina nguvu ndogo namna hiyo juu ya kitenzi, maana yake hupata nafasi ya kuamua, na nomino za makundi ndizo zinazoitumia nafasi hiyo kuliko nyingine zote, kwa sababu umbo lake linasema moja na maana yake inasema wengi.

Jambo hili si geni kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili. "Kiongozi" ina umbo la "kiti", lakini hakuna anayesema "kiongozi kimefika". Uhai wa mtu huyo umelishinda umbo la neno, tukasema "kiongozi amefika". Msikilize pia mtangazaji wa mpira wa Ligi Kuu. Anapotoa matokeo atasema "Simba imeshinda", na dakika chache kabla ya hapo, alipokuwa akiwaona wachezaji wakikimbilia lango, alisema "Simba wanashambulia". Hakuna msikilizaji aliyepiga simu redioni kulalamika, kwa sababu katika sentensi ya kwanza tunaiona klabu, na katika ya pili tunawaona watu. Mwingereza anapochagua "have" badala ya "has" anafanya jambo lilelile alilofanya mtangazaji huyo: anauliza, je, tendo hili ni la kundi likiwa kitu kimoja, au ni la watu waliomo ndani yake?

Ukishika swali hilo utaona kwamba sentensi ya mkurugenzi wako iliandikwa na mtu anayeijua lugha. Aliandika "The committee have not agreed on the site". Kutokubaliana ni jambo linalohitaji watu zaidi ya mmoja. Kamati ikiwa kitu kimoja haiwezi kugombana na nafsi yake. Kwa sikio la Mwingereza wingi unakaa vizuri pale wajumbe wanapobishana, wanapochukua viti vyao, wanapotofautiana mawazo au wanaporudi makwao. Kamati hiyohiyo ikitajwa kwa jambo linaloihusu yote kwa pamoja, Mwingereza huyohuyo hurudi kwenye umoja: "The committee was formed in 2019", "The committee consists of nine members", "The committee is too large". Ukiandika "The committee consist of nine members" utakuwa umewapa wajumbe sifa ambayo si yao, maana kila mjumbe hana wajumbe tisa ndani yake. Kwa sababu hiyohiyo "The audience was enormous" inamaanisha hadhira kubwa, na mtu akiandika "were enormous" msomaji atashituka kidogo, akidhani ukumbi ulijaa watu wanene.

Wingi huo wa Kiingereza cha Uingereza una mipaka mingine ambayo wanafunzi wengi hawaambiwi, nami naona ndiyo inayowatofautisha wanaoijua kanuni na wanaoiga tu. Kwanza, nomino yenyewe haigeuki kuwa wingi. Mwingereza atasema "this team are playing well", lakini hatasema kamwe "these team", kwa hiyo maneno yanayoitangulia nomino hubaki ya umoja hata kama kitenzi kimekwenda kwenye wingi. Pili, ukitanguliza "each" au "every", wingi hauna nafasi tena: ni "every family has" wala si "have". Tatu, sentensi inayoanza na "there" hufuata umbo la nomino iliyo mbele yake, hivyo ni "There is a committee in every village", na hakuna Mwingereza atakayeandika "There are a committee". Nne, kirejeshi huenda pamoja na uamuzi wako: ukiona watu utaandika "the committee, who were divided", na ukiona chombo utaandika "the committee, which was formed last year". Kuchanganya "which" na "were" katika sentensi moja hukwaruza sikio, hata kwa msomaji asiyeweza kueleza sababu.

Kosa ambalo wasahihishaji wa pande zote mbili za Atlantiki hulikataa ni kubadili mawazo katikati ya sentensi, kwa mfano "The committee has met and were unable to agree". Hilo ni kosa kwa sababu msomaji ameonyeshwa kitu kimoja, kisha bila taarifa akaonyeshwa watu wengi. Viwakilishi vinavumilika zaidi kuliko vitenzi. "The committee has submitted their report" husikika kila siku Uingereza na Marekani, ingawa mhariri mkali ataibadilisha "their" iwe "its". Kinyume chake, yaani "The committee have submitted its report", hakina mtetezi. Ukishatumia kitenzi cha wingi, kiwakilishi lazima kiwe "their".

Huenda utauliza huu uhuru ulitoka wapi, na kama si uzembe wa siku hizi. Ni wa kale. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kitabu cha Hesabu 16:3, Kora na wenzake wanamwambia Musa "all the congregation are holy, every one of them". Kusanyiko ni moja kwa umbo, lakini kinachosemwa ni utakatifu wa kila mtu aliyemo, na maneno ya mwisho yanaliweka hilo wazi. Katika Biblia hiyohiyo, Marko 7:6, unakuta "This people honoureth me with their lips", kitenzi cha umoja kikifuatwa na kiwakilishi cha wingi, jambo lilelile ambalo wahariri wa leo hulipigia mstari. Lindley Murray, mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia York nchini Uingereza, alitoa mwaka 1795 kitabu cha sarufi kilichotumika sana mashuleni katika nchi zote mbili, naye aliruhusu umoja au wingi kwa nomino za namna hii kulingana na maana anayoikusudia mwandishi. Robert Lowth, Mwingereza aliyeandika kitabu cha sarufi kabla yake, alikuwa amesema jambo hilohilo mwaka 1762.

Hata Wamarekani, ambao leo wanashikilia umoja, hawakuwa hivyo mwanzoni. Katiba yao iliyoandikwa mwaka 1787 inasema "The House of Representatives shall chuse their Speaker", kwa tahajia ya wakati huo, na inapoeleza uhaini inasema kwamba ni kufanya vita "against them", ambapo "them" ni "the United States". Leo Mmarekani anaandika "The United States is", na "the House" kwake ni "its". Tofauti ya pande hizi mbili, basi, ilikua polepole, upande mmoja ukielekea kwenye umbo na upande wa pili ukiiachia maana nafasi yake. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akimwambia mwenzake kwamba Kiingereza cha upande fulani ni kibovu.

Kwa hiyo mfadhili wenu alipoona "have" aliona kitu ambacho mwalimu wake mwenyewe angekizungushia kalamu nyekundu. Katika maandishi ya Marekani "team", "committee", "government", "company", "board", "jury" na "crew" huchukua kitenzi cha umoja. Mwandishi wa huko akitaka kuwataja watu, huongeza neno lenye wingi wa wazi: "the committee members have", "the crew members were". Lakini tazama kinachotokea kwenye michezo. Mmarekani atasema "Chicago is leading", kisha atasema "the Bulls are leading" kwa timu ileile ya mpira wa kikapu, kwa sababu jina la pili lina "s" ya wingi. Hata timu ambayo jina lake halina "s", kama Miami Heat, kwa kawaida huandikiwa "are" huko. Na wanandoa, yaani "the couple", mara nyingi hupewa wingi na Wamarekani vilevile, maana "the couple was married, and it moved to Texas" ni sentensi ambayo hakuna binadamu angependa kuiandika.

Kuhusu BBC, ulichokisikia ni sehemu tu ya utaratibu wao. Mwongozo wa uandishi wa habari wa BBC huwataka waandishi wazitendee serikali, kampuni na taasisi nyingine kama umoja, na hutoa ruhusa maalumu kwa timu za michezo, familia na wanandoa, pamoja na polisi kwa jumla. Ukisikiliza taarifa ya habari kabla ya mpira utasikia "the government has", halafu kwenye michezo utasikia "England are". Hapo wingi unafanya kazi ya maana sana, kwa sababu unamtofautishia msikilizaji timu na nchi. "England is south of Scotland" ni jiografia. "England are playing Scotland" ni mpira. Vivyo hivyo "Liverpool is a port" inataja mji, na "Liverpool are at home this weekend" inataja wachezaji.

Sasa nirudi kwa polisi, kwa sababu hapo pana kosa la kweli na linaonekana sana katika magazeti na ofisi za Afrika Mashariki. Neno "police" halimo katika kundi la "committee" na "team". Ni nomino ya wingi tangu mwanzo hadi mwisho, ingawa haina "s", na wala hakuna tofauti ya Uingereza na Marekani: ni "the police are", "the police have", "the police were". Kinachonisikitisha ni kwamba hapa Kiswahili chako kingekuongoza vizuri kuliko kanuni ya darasani. Hungesema "polisi inachunguza wizi wa pampu". Ungesema "polisi wanachunguza". Umoja unakuja pale unapoitaja taasisi yenyewe, kama tunavyosema "Jeshi la Polisi limesema", na Kiingereza nacho hufanya hivyo: "The Tanzania Police Force has said". Tofauti moja tu uikumbuke. Kwetu "polisi" inaweza kuwa mtu mmoja, tukasema "polisi mmoja amefika", ambapo kwa Kiingereza huwezi kuandika "a police has arrived". Ni lazima iwe "a police officer".

"People" na "cattle" ziko katika fungu hilohilo. Kwa kuwa mnachimba visima, bila shaka mnaandika kuhusu mifugo inayokunywa kwenye mabirika: ni "the cattle drink here", si "drinks". Vivumishi vinavyotumika kama majina ya watu navyo ni wingi siku zote, mfano "the poor are" na "the elderly need". Upande wa pili kuna maneno yanayotaja vitu vingi kwa pamoja lakini hayahesabiki, nayo ni umoja bila mjadala: "the equipment is in the store", "the furniture has arrived", "this information is correct". Maneno haya hayana wingi wenye "s". Nimeshaona taarifa nzuri za miradi zikiharibiwa na "equipments" na "informations", na naamini msomaji wa nje huliona hilo haraka kuliko tofauti ya "has" na "have" baada ya "committee".

"Staff" inahitaji uangalifu wake. Waingereza husema zaidi "the staff are", Wamarekani "the staff is", na wote wawili watafurahi ukiandika "staff members are". Kosa la ofisi zetu ni "our staffs" kwa maana ya wafanyakazi wetu. "Staffs" ni wafanyakazi wa asasi zaidi ya moja, kila asasi na kundi lake. Wafanyakazi wa asasi yako, hata wakiwa mia, ni "our staff".

Swali lako la wanakijiji lina jibu la wazi, na safari hii Kiswahili kinalibeba vizuri. "A number of" hufanya kazi ileile ya "kadhaa" kwetu, yaani ni kiasi kinachokaa mbele ya nomino, na kiima halisi ni wanakijiji: "A number of villagers were present", wanakijiji kadhaa walikuwapo. "The number of" ni idadi yenyewe, nayo ndiyo kiima: "The number of villagers present was small", idadi ya wanakijiji waliokuwapo ilikuwa ndogo. Badili "a" na "the", na kitenzi kinabadilika nacho. "The majority of households have a tap" hufuata mtindo wa kwanza, ila usiiache "the", maana "Majority of households" bila kitangulizi ni alama ya Kiingereza cha huku kwetu ambayo wasahihishaji wa nje huikata kila mara. Kwa "a team of engineers" pana uhuru Uingereza. Kwa taarifa inayokwenda Marekani andika "has". Fedha na muda vikitajwa kama jumla moja huwa umoja: "Ten million shillings is not enough", "Three years is a long time".

Utakaporudi kwenye meza yako, jambo la kwanza ninalokushauri ni kumfikiria msomaji kabla ya kuandika. Taarifa inayokwenda kwa mfadhili wa Marekani iandikwe kwa umoja kwa nomino kama "committee", "team" na "government", bila kuona kwamba unamsaliti mkurugenzi wako. Barua za ndani na za ofisi za serikali zinaweza kufuata mtindo wa Uingereza tuliourithi, lakini hata humo umoja hautakuletea lawama, kwa hiyo ukiwa na shaka chagua umoja kwa kamati na wingi kwa polisi. Katika mihtasari ya vikao tatizo hili karibu halipo, kwa sababu muhtasari huandikwa kwa wakati uliopita: "The Committee noted", "The Committee resolved", "The Committee agreed". Mahali pekee pa kuangalia ni "was" na "were". Na pale ambapo maana yako ni watu, waandike watu: "Members of the committee have not agreed on the site". Sentensi hiyo ingepita kwa mkurugenzi na kwa mfadhili bila kalamu kuinuliwa, na kwa maoni yangu inasomeka vizuri zaidi kuliko zote mbili zilizobishaniwa.

Kama unaandika kwa kompyuta, hakikisha programu ya kusahihisha imewekwa kwenye Kiingereza unachokikusudia, cha Uingereza au cha Marekani. Programu iliyowekwa ya Marekani inaweza kukupigia mstari sentensi za mkurugenzi ambazo hazina kosa, ukajikuta unazibadilisha kwa hofu. Mwombe pia mkurugenzi mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ukurasa mmoja, ni mtindo upi asasi inaufuata na ni wapi inaruhusu tofauti, ili atakayeandika taarifa baada yako asianze kubahatisha.

Kuna hali ambazo jibu langu halitoshi. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa amwulize mwalimu wake wa Kiingereza ana kwa ana, amwonyeshe na mazoezi aliyokwisha kuyafanya, kwa sababu kinachotafutwa katika maswali ya sarufi mara nyingi ni ile kanuni ya darasani. Nawe ukiona kwamba makosa unayosahihishwa yanavuka nomino za makundi, yakaingia kwenye vitenzi vya kila namna, tafuta mwalimu au mhariri ukae naye ukiwa na taarifa zako mbili tatu za zamani, zikiwa bado na masahihisho yake. Saa moja ya namna hiyo itakufaa kuliko maelezo marefu ya mtu asiyeyaona maandishi yako. La mwisho ni mikataba na katiba ya asasi. Humo "shall" huficha umoja na wingi kwenye kitenzi, lakini uchaguzi kati ya "its" na "their" unaweza kuzua ubishi kama wajibu ni wa kamati ikiwa chombo au ni wa kila mjumbe mmojammoja. Hati ya namna hiyo usiisahihishe wewe wala mimi. Ipelekwe kwa mwanasheria kabla haijasainiwa.